Espreso chachu, maziwa yenye mapovu ya sabuni: niuze mashine?

Swali: Miezi miwili iliyopita nilinunua mashine ndogo ya espreso ya nyumbani. Kwenye boksi wameandika bari 15 za presha. Natumia kahawa ya pakiti iliyokwisha kusagwa. Mashine ilikuja na vichujio viwili, na mimi natumia kile chenye matundu mengi kwa sababu nilisikia ndicho cha wataalamu. Kahawa inamwagika ndani ya sekunde 10, ni nyepesi, na ni chachu hadi nakunja uso. Nikishindilia kwa nguvu zaidi, hakuna kinachobadilika. Nikitaka late, yaani espreso yenye maziwa, ndiyo balaa zaidi: juu mapovu makubwa kama ya sabuni, chini maziwa ya moto basi. Je, mashine hii ni dhaifu? Niiuze ninunue kubwa?

Jibu: Usiiuze, dada. Angalau si sasa. Kwenye maelezo yako umeniachia dalili tatu: sekunde 10, kahawa ya pakiti, na kichujio chenye matundu mengi. Ukiziweka pamoja, mashine haina kesi ya kujibu. Kahawa yako imesagwa kwa unene usiofaa kichujio hicho, na mashine ya bei mara tano ya hiyo ingekumwagia kahawa ileile kwa sekunde zilezile.

Nianze na hizo bari 15, kwa sababu zimewapoteza watu wengi. Pampu haitengenezi presha peke yake. Pampu inasukuma maji, na presha inazaliwa pale maji yanapokutana na kizuizi. Kizuizi chenyewe ni kahawa uliyoishindilia. Kahawa ikiwa ya chengachenga, maji yanapita kama kwenye mchanga wa mto, na presha haipandi hata kama pampu ina nguvu ya kuinua nyumba. Namba iliyoandikwa kwenye boksi ni kiwango cha juu ambacho pampu inaweza kufikia ikizibwa kabisa. Espreso yenyewe inahitaji bari 9 hivi. Baadhi ya mashine za nyumbani zina vali ndani inayopunguza ziada, kwa hiyo 15 au 20 ya kwenye boksi ni maneno ya muuzaji.

Hiyo 9 ina historia yake. Angelo Moriondo wa Turin alipata hataza ya mashine ya kahawa ya mvuke mwaka 1884, na Luigi Bezzera wa Milan akaja na yake mwaka 1901. Mashine hizo zilisukuma maji kwa mvuke tu, presha ikawa ndogo, na kilichotoka kilikuwa kahawa ya haraka isiyofanana sana na tunachokiita espreso leo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Achille Gaggia akaleta mashine ya wenzo na springi. Presha ikaruka juu, na kwa mara ya kwanza kahawa ikavaa lile povu la rangi ya dhahabu, yaani krema. Mwaka 1961 mashine ya Kiitaliano, Faema E61, ikaweka pampu ya umeme mahali pa mkono wa mtu, ikisukuma maji kwa zile bari 9 hivi. Mashine yako ndogo ni kitukuu wa hiyo.

Sasa tuvitazame vile vichujio viwili. Kipindue kile ambacho hukitumii, utaona chini kina tundu moja dogo sana. Ndani kina sakafu mbili: kahawa inapita kwenye matundu mengi ya juu, kisha yote inalazimishwa kutokea kwenye hilo tundu moja. Maana yake kichujio chenyewe ndicho kizuizi, na kimetengenezwa hasa kwa ajili ya kahawa ya pakiti. Wanaojiona wataalamu hukidharau, lakini kwa hali yako ya sasa ndicho kinachokufaa. Kibadilishe kesho asubuhi na utapata kikombe kinachonyweka. Krema yake ni ya ujanja kidogo, imepigwapigwa hewa kwenye kale katundu, lakini ndani ya maziwa hakuna atakayekuuliza.

Kile chenye matundu mengi kinataka kahawa iliyosagwa siku hiyohiyo, dakika hiyohiyo, kwa unene ambao wewe mwenyewe unaupanga. Hakuna pakiti inayoweza kukupangia, kwa sababu unene unaofaa hubadilika kwa kila aina ya kahawa, na hata kahawa ileile inabadilika jinsi siku zinavyokwenda. Kwa hiyo kama una fedha ulizokuwa umezitenga kwa mashine kubwa, nunua kinu cha kusagia kahawa. Kununua mashine kubwa bila kinu ni kutwanga maji.

Kinu ninachokisema si ile mashine ya visu inayozunguka kama ya kusagia viungo. Ile inakatakata ovyo, na unapata vumbi na vipande vikubwa katika kijiko kimoja. Vumbi linakamuliwa kupita kiasi na kuleta uchungu, vipande havikamuliwi vya kutosha na vinaleta uchachu, na vyote viwili unavinywa kwa pamoja. Unataka kinu chenye meno mawili ya chuma yanayosagana, ambacho umbali wa meno unarekebishwa kwa hatua ndogondogo. Hilo la hatua ndogo lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kwenye espreso, hatua moja kubwa ya kinu inaweza kukutoa sekunde 18 hadi 40, na pale katikati ulipokuwa unapataka pasiwepo. Na kama mfuko haujatuna, kinu kizuri cha kuzungusha kwa mkono hukishinda kinu rahisi cha umeme. Utatoka jasho kidogo kila asubuhi, hilo sikufichi.

Kuhusu buni, nitakuomba kitu kimoja tu: tafuta pakiti yenye tarehe ya kukaangwa. Tarehe ya mwisho wa matumizi haikusaidii. Buni zikitoka kwenye moto hubaki na gesi ya kaboni dayoksaidi ambayo hutoka polepole. Zikitumika siku hiyohiyo, gesi inasumbua maji na krema inafura kama sabuni. Ziache wiki moja hivi, kisha uzitumie ndani ya mwezi. Kwa mtu anayeanza na anayependa maziwa, chukua zilizokaangwa kuelekea weusi, lakini zisiwe zinang'aa mafuta. Zile zilizokaangwa kidogo zina ladha za ajabu nzuri, ila ni wakorofi: zinataka kusagwa laini zaidi na maji ya moto zaidi, na zinamkatisha tamaa mgeni. Na usisage za kesho. Kahawa iliyosagwa hupoteza harufu yake upesi mno.

Baada ya kinu, kitu cha pili ni mizani. Ndogo tu, ya jikoni, inayosoma hadi gramu 0.1 na inayoenea chini ya kikombe. Najua inaonekana kama mambo ya maabara. Mimi nilipoanza niliikataa kwa kiburi, nikawa napima kwa kijiko na kwa jicho. Kwa miezi kadhaa kila asubuhi nilikuwa nabadilisha vitu vitatu kwa pamoja, kisha nailaumu mashine. Siku nilipopima ndipo nikagundua kijiko changu kile kile kilikuwa kinabeba gramu 14 leo na 17 kesho. Hakuna kinu duniani kinachoweza kuokoa tofauti hiyo.

Mahali pa kuanzia ni hapa: kahawa kavu gramu 18 ndani, espreso gramu 36 kwenye kikombe, sekunde 25 hadi 30 tangu ulipobonyeza. Hiyo ni moja kwa mbili. Mashine ndogo nyingi zina kichujio chembamba kisichobeba 18. Ikiwa chako kinajaa kwenye 14, lenga 28. Usikilazimishe, kwa sababu kahawa ikigusa bamba la juu inavunjika na maji yanapenya pembeni.

Kisha fanya hivi: uzito wa kuingia usiuguse, uzito wa kutoka usiuguse, badilisha unene wa kusaga tu. Gramu 36 zikitoka kwa sekunde 15, saga laini zaidi. Zikichukua sekunde 45, rudi nyuma. Ukishabadilisha, kumbuka kwamba ndani ya kinu kuna mabaki ya unene wa zamani. Saga gramu chache na uzitupe, la sivyo shoti ya kwanza, yaani espreso ya kwanza utakayotoa, itakudanganya. Hili ndilo linalowafanya wengi wazunguke kama pia: wanarekebisha, wanaona hakuna kilichobadilika, wanarekebisha tena, na shoti ya tatu inaziba kabisa.

Sekunde zikishafika pazuri, ziache, usikilize ulimi. Hapa lazima utofautishe vitu vitatu ambavyo watu huvitaja vyote kwa jina la "kali". Uchachu ni ule wa limau, unaoita mate na kukunja uso kama ulivyosema. Huo ni dalili kwamba kahawa haijakamuliwa vya kutosha: saga laini zaidi, au acha itoke gramu 40 badala ya 36. Uchungu ni ule wa dawa, unaobaki nyuma ya ulimi baada ya kumeza: saga nene kidogo, au simamisha mapema. Ukakasi ni ule wa tunda bichi, unaokausha mdomo. Ukakasi ukija pamoja na uchachu kwenye kikombe kimoja, mara nyingi shida si unene wa kusaga, ni maji kupita njia za mkato.

Maji ni mvivu. Yakisukumwa kwa bari 9 kwenye kahawa iliyokaa vibaya, yanatafuta ufa mmoja na yote yanapita hapo. Sehemu ya ufa inakamuliwa hadi inalia, sehemu nyingine inabaki karibu kavu. Utaona mkondo mmoja umepauka mapema, au matone yanaruka pembeni. Dawa yake ni sindano nyembamba tatu au nne zilizochomekwa kwenye kizibo cha chupa. Korogea kahawa ndani ya kichujio hadi mabonge yote yavunjike, gonga kidogo ili itulie, kisha shindilia.

Nawe mwenyewe umegundua kweli moja ambayo wengine inawachukua miaka: kushindilia kwa nguvu zaidi hakubadilishi sana. Kahawa ikishagandamana imegandamana, na pampu inakuja na nguvu kuliko mkono wako. Kinachohitajika ni usawa. Kishindilio kikilala upande, upande mmoja wa kahawa unakuwa mwembamba, na maji yale mavivu yanapaona mara moja.

Joto nalo usilisahau. Maji ya espreso yanatakiwa yawe kati ya nyuzi 90 na 96 za Selsiasi. Taa ya mashine ikiwaka kukuambia iko tayari, mara nyingi ni maji tu yaliyo tayari, chuma bado ni baridi. Funga potafilta, yaani kile kikombe cha chuma chenye mpini, mahali pake tangu unapowasha na uiache ipate moto kwa dakika 15. Ukiwa na haraka, pitisha maji matupu mara moja au mbili, kisha ikaushe. Kwa kahawa chachu kama yako, hili peke yake linaweza kukusogeza nusu hatua. Na tahadhari: ikitokea kahawa imeziba na hakuna kinachotoka, usifungue potafilta hapohapo. Mashine nyingi ndogo hazina njia ya kutoa presha iliyobaki, na ukifungua mapema zitakurushia kahawa ya moto usoni. Subiri dakika moja au mbili, kisha ufungue polepole.

Sasa maziwa, ambako kwa maoni yangu ndiko unakoteseka bure kuliko kote.

Tazama mrija wa mvuke. Kama una kifuniko kinene cha plastiki au chuma chenye katundu kadogo juu kwa pembeni, nimeshakupata. Kale katundu kananyonya hewa muda wote, upende usipende, na kazi yake ni kumpa mtu asiye na mazoezi povu jingi. Povu jingi unalipata kweli, ila ni la sabuni. Kwenye mashine nyingi kifuniko hicho huvutwa kikatoka, ndani ukabaki mrija mwembamba unaoweza kuutumia. Kisipotoka, zamisha mrija ndani zaidi mpaka katundu kafunikwe na maziwa baada ya sekunde chache za mwanzo.

Mashine ndogo kama yako kwa kawaida ina boila moja, yaani chombo kimoja cha kuchemshia maji ya kahawa na ya mvuke, kwa hiyo toa espreso kwanza, kisha bonyeza swichi ya mvuke na usubiri joto lipande. Fungua mvuke kidogo juu ya kitambaa. Kitakachotoka kwanza ni maji, na hutaki maji hayo kwenye maziwa. Yakiisha na mvuke mkavu kuanza, funga.

Chukua jagi dogo la chuma na maziwa yaliyotoka kwenye friji, ml 150 hadi 200, yasivuke pale mdomo wa jagi unapoanzia. Ncha ya mrija iwe chini kidogo tu ya uso wa maziwa, isikae katikati kamili, na jagi liinamishwe kiasi ili maziwa yazunguke. Fungua mvuke wote. Shusha jagi kidogo sana mpaka usikie mlio kama wa karatasi inayochanwa polepole. Huo ndio mlio wa hewa nzuri. Ukisikia kunguruma na kubwatabwata, ncha iko juu mno, na hayo ndiyo mapovu yako. Ukisikia mluzi mkali, iko chini mno na hakuna hewa inayoingia.

Siri ni wakati. Hewa inaingizwa maziwa yakiwa bado baridi, basi. Mkono mwingine ukishike kiuno cha jagi. Ukiacha kuhisi ubaridi, maana yake maziwa yamefikia joto la mwili wako, hewa imetosha. Inua jagi milimita chache ili ncha izame, mlio ukate, na kazi iliyobaki iwe kuzungusha. Mzunguko huo ndio unaoyapasua mapovu makubwa kuwa madogo yasiyoonekana kwa macho. Mkono ukishindwa kuvumilia zaidi ya sekunde moja au mbili, funga mvuke kabla ya kutoa mrija. Hapo uko karibu nyuzi 60. Ukipita 70, maziwa yanapata harufu ya kupikwa na ule utamu wake unapotea, na hayafai kurudiwa. Kwa mashine ndogo safari nzima inaweza kuchukua karibu dakika nzima. Usiione kuwa dosari: mvuke mpole unampa mwanafunzi muda wa kusikiliza.

Usimwage maziwa ya wiki nzima kwa mazoezi. Weka maji baridi kwenye jagi, dondoshea tone moja la sabuni ya vyombo, na ufanye kama ni maziwa. Yanazunguka na kutoa povu kwa namna inayokaribiana sana. Ndiyo, najua ulianza kwa kulalamika kuhusu mapovu ya sabuni.

Maziwa yenyewe yawe na mafuta yake yote. Protini ndiyo inayoshika povu, mafuta ndiyo yanayoleta ulaini mdomoni. Maziwa yaliyokaribia kuharibika hukataa kutoa povu hata kabla pua haijagundua chochote, kwa hiyo siku povu likikataa bila sababu, angalia tarehe kabla ya kulaumu mkono. Ya shayiri (oat) yatafute yale yaliyotengenezwa mahsusi kwa kahawa, kwa kuwa yameongezewa mafuta. Ya soya hukatika yakikutana na kahawa chachu, kwa hiyo rekebisha uchachu kwanza.

Ukimaliza, gonga jagi mezani mara moja na ulizungushe hadi maziwa yang'ae kama rangi mbichi ya ukutani. Mimina mara moja, maana yakikaa yanajitenga, povu juu, maziwa chini, na unarudi pale ulipoanza. Anza kutoka juu kwa mkondo mwembamba katikati ya espreso, kisha sogeza mdomo wa jagi karibu na uso kadiri kikombe kinavyojaa. Late inahitaji povu la sentimita moja hivi, kapuchino ndiyo nene zaidi. Michoro ya majani na mioyo itakuja yenyewe maziwa yakiwa mazuri. Na kama siku moja utafika Italia, agiza "caffè latte", maana "latte" peke yake huko ni maziwa, nawe utaletewa glasi ya maziwa.

Usafi nitausema kwa kifupi. Pangusa mrija kwa kitambaa kibichi papo hapo na upulize mvuke mara moja. Maziwa yakikaukia ndani ni kilio. Osha kichujio kila siku, mafuta ya kahawa yanachacha. Maji yenye chokaa nyingi yataiua mashine kabla ya kitu kingine chochote, kwa hiyo tumia yaliyochujwa na utoe chokaa kwa ratiba iliyoandikwa kwenye kijitabu cha mashine. Maji yaliyotoneshwa yasiyo na madini kabisa nayo usiyatumie: kahawa inapooza ladha, na mashine nyingine hushindwa hata kutambua kuwa tangi lina maji.

Kwa hiyo kesho badilisha kichujio na uvue kile kifuniko cha mrija. Vyote viwili havina gharama. Kinu na mizani vikishapatikana, rudi kwenye kichujio chenye matundu mengi. Ikikataa bado, niandikie tena, ila safari hii unitajie gramu zilizoingia, gramu zilizotoka, sekunde, na kama ni uchachu, uchungu au ukakasi.